Mna Mtoto na Hamkuoana: Mwongozo wa Mzozo wa Ulezi kwa Wazazi wa Mombasa

Mzozo wa mtoto ukizuka kati ya watu ambao hawakuoana, nyumba zote mbili huanza na swali moja: mtoto ni wa nani? Kwa kina mama mtoto watasema mahari haikutolewa, kwa hivyo mwanamume hana lake. Kwa kina baba mtoto watasema damu ni yetu, ukoo ni wetu, aletwe kwao. Hakimu wa korti ya watoto halijibu swali hilo hata kidogo. Anachotaka kujua ni siku ya mtoto inavyokwenda: nani humwamsha, nani humpeleka kliniki, nani anamjua mwalimu wake, analala wapi na analala na nani. Ukiweza kuieleza siku hiyo kwa utulivu na kwa karatasi, umeshinda nusu ya kazi. Ukishindwa, hata uje na wazee kumi, utasikilizwa kwa adabu tu.

Hatua ya 1: Tenganisha mambo manne

Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinasema baba na mama wana jukumu sawa la kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana, na kwamba maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Watoto ya 2022 ilikazia hapo hapo: hakuna mzazi mwenye haki kumzidi mwenzake kwa sababu mtoto alizaliwa ndani au nje ya ndoa. Chini ya sheria ya zamani ya 2001, baba asiyeoa ilibidi kwanza alipate jukumu hilo, kwa makubaliano au kupitia korti. Wengi mitaani bado wanashauriana kwa sheria ile iliyokwisha kufutwa, wakiwemo watu wazima unaowaheshimu. Wasikilize, kisha fuata ya sasa.

Unapoenda kudai, jua unadai lipi kati ya haya: jukumu la mzazi, ambalo nyote mnalo tayari, ulezi, yaani mtoto anaishi na nani na nani anaamua mambo yake makubwa, kuonana, yaani yule asiyekaa naye atamwona lini na vipi, na matunzo, yaani pesa na mahitaji.

Mawili ya mwisho ndiyo yanayovuruga watu. Mama anasema, hajaleta pesa mwezi wa tatu huu, mtoto hamwoni. Baba anajibu, sionyeshwi mtoto, pesa sitoi. Wote wawili wanajiharibia kesi. Kuonana na wazazi wake ni haki ya mtoto, na kulishwa ni haki ya mtoto. Moja haiwekwi rehani kwa ajili ya nyingine. Baba aliyeacha kutoa hushtakiwa kwa kutotoa. Mama anayeficha mtoto hushtakiwa kwa kuficha. Ukisimama mbele ya hakimu ukiwa umetimiza wako ilhali mwenzako hajatimiza wake, tofauti inaonekana bila wewe kuinua sauti.

Kabla hujasonga mbele, jiulize pia kama kweli hamkuoana. Hapa Mombasa wapo wengi wanaosema “hatuna ndoa” kwa sababu tu hawana cheti, na ilhali nikahi ilifungwa sebuleni kwa walii na mashahidi. Hiyo ni ndoa ya Kiislamu na sheria inaitambua; kukosa cheti ni suala la kusajili. Ikiwa ndiyo hali yako, mambo ya talaka na eda yana mlango wake kwa Kadhi. Mwongozo huu ni kwa wale ambao hapakuwa na ndoa yoyote.

Hatua ya 2: Usimnyakue mtoto

Kumchukua mtoto shuleni bila mwenzako kujua, kumvusha Likoni usiku, kumpeleka kwa shangazi Malindi na kuzima simu: haya ndiyo mambo ambayo mzazi mwenye kesi nzuri huyafanya na kuigeuza kesi mbaya. Hali aliyoizoea mtoto ina uzito mkubwa, na anayeivunja kwa nguvu huambiwa airudishe kwanza ndipo asikilizwe.

Kama mwenzako ndiye aliyemchukua, mwandikie ujumbe mfupi usio na matusi, umuulize mtoto yuko wapi na atarudi lini. Ujumbe huo utauhitaji baadaye. Kisha nenda kwa afisa wa watoto siku hiyo hiyo, au siku ya kazi inayofuata. Polisi watapokea ripoti, lakini mara nyingi watakuambia ni mambo ya kifamilia, hasa kama hamna oda ya korti. Ndiyo maana oda ya muda ni muhimu, nitaifikia.

Hatari ni jambo lingine. Ikiwa mtoto anapigwa, anaguswa vibaya, au anaishi na mtu anayemtisha, hapo hakuna vikao. Piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto, saa yoyote. Ripoti kituo cha polisi kwenye dawati la jinsia. Mpeleke mtoto hospitali kabla ya kumwogesha au kumbadilisha nguo. Hospitali Kuu ya Pwani ina kitengo cha kuwahudumia waliodhulumiwa kijinsia. Na usikubali mzee yeyote akuambie jambo hilo limalizwe kwa faini na mbuzi.

Hatua ya 3: Kusanya karatasi za maisha ya mtoto

Anza na cheti cha kuzaliwa. Vyeti vingi vya watoto wa wazazi wasiooana havina jina la baba, kwa sababu sheria ya usajili ilitaka wote wawili waombe kwa pamoja. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema kipengele hicho kinawabagua watoto hao. Ikiwa jina halimo na mnaelewana, nendeni pamoja ofisi ya usajili mkiwa na vitambulisho. Kama baba anakana mtoto, au mama anakana kwamba huyu ndiye baba, korti inaweza kuagiza kipimo cha DNA na kusema nani alipe. Usikifanye kisirisiri kwa kumvuta mtoto nywele. Majibu ya namna hiyo hupingwa kirahisi, maana hakuna awezaye kuthibitisha sampuli ilikuwa ya nani.

Halafu kuna zile karatasi ambazo watu huzidharau. Kitabu cha kliniki, kinachoonyesha nani alihudhuria chanjo. Risiti za karo na barua za shule. Kadi za hospitali, na nani alimwandikisha mtoto kama mtegemezi kwenye bima ya afya ya SHA. Risiti za madrasa. Mkataba wa nyumba, au barua ya mwenye nyumba inayoonyesha unaishi wapi na pana vyumba vingapi.

Pesa zina simulizi yake. Taarifa ya M-Pesa, ambayo unaweza kuiomba kwa *334#, huonyesha kila shilingi iliyotoka kwako kwenda kwa mwenzako, na tarehe yake. Baba unayempa mama pesa mkononi, acha tabia hiyo leo. Kama huna budi, andika ujumbe baadaye: “nimekuachia elfu tatu za maziwa na nauli,” naye ajibu amepokea. Wapo akina baba wengi, manamba wa matatu na wabeba mizigo wa bandarini, waliotoa kwa miaka na hawana hata mstari mmoja wa kuonyesha. Wapo pia wanaotuma mia tano kila Idi na kudhani taarifa ya M-Pesa itawasaidia, itawaumbua.

Jumbe za WhatsApp zihifadhi kwenye simu yenyewe, usitegemee picha za skrini pekee. Ushahidi wa kielektroniki huambatanishwa na cheti kinachoeleza ulivyotolewa na kifaa gani kilitumika, na ukiuza simu hiyo umejiongezea kazi. Na kabla ya kuchapisha jumbe za mwenzako, zisome zako. Zitaletwa pia.

Mwisho wa yote, chukua daftari uandike wiki moja ya kawaida ya mtoto, kuanzia alfajiri mpaka kulala: nani alifanya nini. Usiipambe. Pale ambapo ni nyanya yake anayempikia na kumvusha barabara, andika nyanya. Afisa wa watoto akija nyumbani ataona mwenyewe, na mtu aliyesema kweli kwenye mambo madogo huaminiwa kwenye makubwa.

Hatua ya 4: Kikao, chifu, kisha afisa wa watoto

Kikao cha wazee kina faida moja kubwa: kinaweza kumaliza mambo kwa jioni moja. Kina hasara pia. Mara nyingi hugeuka kuwa kesi ya ujauzito wa miaka sita iliyopita, nani alimdanganya nani, na mtoto mwenyewe hatajwi. Ukienda, mchague mjomba au shangazi mmoja anayeheshimiwa na pande zote aongoze, na muwe na ajenda moja tu: kuanzia wiki ijayo itakuwaje. Chifu anaweza kuwaita na kuwasikiliza, lakini hana mamlaka ya kutoa ulezi. Karatasi yenye muhuri wa chifu haigeuki kuwa oda.

Afisa wa watoto, wa Idara ya Huduma za Watoto, ndiye mlango mzuri zaidi kabla ya korti. Huduma yake hailipishwi. Unaeleza malalamiko yako, anamwandikia mwenzako barua ya kumwita, mnakaa mbele yake. Asipokuja baada ya kuitwa, hilo nalo huingia kwenye faili.

Mkielewana, mtaandika makubaliano ya ulezi na kutia saini. Hapa ndipo pa kutumia muda wenu. Makubaliano mabovu husema “baba atamwona mtoto mara kwa mara na atasaidia kadiri ya uwezo.” Sentensi hiyo haina tarehe wala kiasi, na mtarudi ofisini kabla ya muhula kwisha. Andikeni hivi: mtoto anaishi kwa mama Kisauni siku za shule, baba anamchukua Jumamosi saa tatu asubuhi na kumrudisha Jumapili saa kumi, likizo za shule zinagawanywa nusu kwa nusu, baba atalipa karo moja kwa moja shuleni na kutuma kiasi fulani cha chakula kufikia tarehe 5, mama atalipa kodi ya nyumba na nguo, matibabu ya dharura watagawana, kupiga simu ni kila jioni kabla ya kulala. Andikeni pia mtoto atakabidhiwa wapi. Bustani ya Mama Ngina ni mahali pazuri pa kukutana na mtoto kwa wale ambao hawawezi kuingiliana majumbani. Kivukoni saa kumi na moja jioni, watu wakisukumana kuingia feri, si mahali.

Usiiache dini. Mombasa imejaa watoto ambao mama ni Mkristo na baba ni Mwislamu, au kinyume chake, na mzozo mwingi unaoitwa wa ulezi huwa kiini chake ni madrasa na kanisa. Semeni wazi Idi atakuwa wapi, Krismasi atakuwa wapi, Ramadhani itakuwaje, ataitwa kwa jina gani shuleni. Mkilikwepa kwa sababu linauma, litafumuka mtoto akifika umri wa kuanza madrasa.

Kuhusu kiasi cha pesa: jukumu sawa halimaanishi shilingi sawa. Mwenye zaidi hutoa zaidi, na kazi ya kumlea kila siku nayo ni mchango. Orodhesheni gharama za mtoto kwa mwezi, moja moja, kabla ya kutaja uwezo wa mtu.

Makubaliano yaliyotiwa saini yapelekeni korti yakubaliwe kuwa oda. Bila hatua hiyo ni ahadi, na ahadi haishikiki mmoja akipata mchumba mpya asiyemtaka mtoto.

Hatua ya 5: Tononoka

Kesi za watoto Mombasa husikilizwa katika korti ya Tononoka. Unaweza kwenda mwenyewe au kwa wakili. Kama huna uwezo, jaribu mashirika ya kutetea haki kama FIDA-Kenya, Kituo cha Sheria au MUHURI, yote yana ofisi Mombasa, au Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Jihadhari na watu wa koridoni wanaojitolea kukusaidia kwa ada ndogo. Karani halali utampata masjalani, si nje chini ya mti.

Utawasilisha hati ya madai, hati ya kiapo inayoeleza mambo kwa mfuatano, na nakala za zile karatasi za Hatua ya 3. Tangu Machi 2024 uwasilishaji wa kesi kwa mtandao ulienezwa nchi nzima, kwa hivyo uliza masjalani jinsi ya kufungua akaunti, au tumia saiba unayoiamini. Kama mtoto amefichwa, ameachishwa shule, au unahofia atatolewa nchini, ambatanisha ombi la dharura. Hakimu anaweza kutoa oda ya muda kuhusu mtoto akae wapi, aonwe vipi, alipiwe nini, na kumzuia yeyote kumvusha mpaka, wakati kesi kamili inasubiri. Kwa wengi oda hii ya muda ndiyo inayotuliza nyumba.

Mwenzako atapelekewa samansi na kupewa nafasi ya kujibu. Msishangae mkitumwa kwanza kwa mpatanishi wa korti. Hiyo si dalili kwamba kesi yako ni dhaifu. Korti pia humwagiza afisa wa watoto afike majumbani mwenu na kuandika ripoti. Usipike pilau siku hiyo wala usimfundishe mtoto cha kusema. Watoto hufichua mafunzo kwa sentensi ya pili.

Mtoto mwenye umri wa kueleweka anaweza kuulizwa na hakimu faraghani, wazazi wakiwa nje. Maoni yake yanapimwa kulingana na umri wake; hayaamui peke yake. Hakimu pia hupima kama mtoto amewahi kudhurika, mila na dini ya familia, matakwa ya wazazi, na nani amekuwa akimlea mpaka sasa. Ipo kanuni ya muda mrefu kwamba mtoto mdogo hukaa na mama isipokuwa pana sababu nzito. Bado ina nguvu, lakini imewekwa chini ya maslahi ya mtoto, na akina baba hupewa ulezi pale ushahidi unapoonyesha hivyo. Baba, usiende kumponda mama ili ushinde. Onyesha unavyolea. Mama, usitegemee kanuni hiyo kana kwamba ni ngao, eleza unavyolea.

Kesi hizi husikilizwa faraghani. Ukienda kuisimulia TikTok, ukamtaja mtoto na kuweka picha yake, umemkosea yeye kwanza, na mwenzako atapata ukurasa mmoja zaidi wa ushahidi.

Kuhusu Kadhi, kwa ufupi: kifungu cha 170 cha Katiba kinampa mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi, pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali mamlaka yake. Pasipo ndoa, Tononoka ndipo pa kwenda. Na yule anayekuambia mtoto wa nje hana lolote kwa baba yake Mwislamu, mwambie Juni 2025 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi iliyotoka hapa hapa Pwani, kwamba watoto wa namna hiyo wasibaguliwe katika urithi wa baba. Masheikh wengi hawakuufurahia uamuzi huo, na mjadala utaendelea, lakini ndiyo sheria inayotumika kortini.

Hatua ya 6: Kuishi na oda

Weka nakala nyumbani, shuleni na kwenye simu. Mwenzako akiikiuka, usijibu kwa kukiuka yako. Andika tarehe na kilichotokea, kisha rudi korti ile ile. Asiyelipa matunzo anaweza kukamatiwa mali au kuitwa aeleze kwa nini asifungwe. Anayemficha mtoto anaweza kuadhibiwa kwa kudharau korti. Oda si ya milele. Mtoto akikua, mzazi akihama, mshahara ukikatika, unaomba ibadilishwe. Ukiona hakimu amekosea, unakata rufaa Mahakama Kuu, mapema. Matunzo kwa kawaida hufika miaka 18, na korti inaweza kuyaongeza kwa mtoto anayesoma bado au mwenye ulemavu.

Limebaki la safari ya Ghuba, maana linazaa kesi nyingi Pwani. Mama anapata mkataba wa kazi Saudia au Katari, anamwacha mtoto kwa nyanya yake Likoni au Changamwe, na ndani ya mwezi baba anakuja mlangoni kusema mama hayupo, mtoto ni zamu yangu. Kisheria baba hazuiwi kuomba, kwa sababu nyanya si mzazi. Nyanya naye anaweza kuomba ulezi, akionyesha ndiye aliyemlea. Kabla ya kupanda ndege, mama, kaeni na baba kwa afisa wa watoto muandike mtoto atakaa wapi, nani atasaini shuleni na hospitalini, baba atamwona lini, na pesa utakazotuma zitapitia kwa nani. Kama baba hapatikani au amekataa kuja, nenda Tononoka uombe oda kabla ya tarehe ya safari, na umwachie nyanya nakala yenye muhuri pamoja na cheti cha kuzaliwa na kitabu cha kliniki. Ajenti akikuharakisha kwamba viza imetoka na ndege ni kesho, mwambie asubiri.